Arobaini na Moja Yupo Darasani

Mama mshonaji alifika kituoni Ijumaa asubuhi na futi yake ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Askari wa kaunta walimsikiliza dakika tatu, kisha wakaanza kutazamana. Kwa jinsi walivyoelewa wao, binti yake hakuwa amepotea. Alikuwa anatuma ujumbe kila siku, na chuo kilipopigiwa simu kilisema anahudhuria vipindi vyote kwa simu yake kama wenzake. Sasa mama huyu anataka nini?

"Nataka mtu aliyezaa," mama akasema. "Kama yupo humu ndani, niitieni."

Ndivyo Inspekta alivyoitwa. Alikuwa amezaa watatu, na subira yake haikumtosha hata mmoja.

"Mama, nieleze kwa kifupi."

"Mwanangu ana kisukari tangu ana miaka tisa. Kile cha sindano, si cha vidonge. Kila asubuhi anapima na kunitumia namba. Namba tu, hata shikamoo hakuna. Tazama mwenyewe." Akamsogezea simu. "Saba nukta mbili. Kumi na moja. Tano nukta nane. Tisa. Sasa njoo Jumanne: sita nukta moja. Jumatano: sita nukta moja. Jana: sita nukta moja. Leo: sita nukta moja."

Askari mmoja akacheka kidogo. "Si nzuri hiyo, mama? Imetulia."

"Baba, miaka kumi na miwili sukari ya mwanangu haijafanana siku mbili. Huyu anayeniandikia hapimi. Huyu si mwanangu."

Kicheko kikamkauka askari. Inspekta akaivuta simu karibu.

"Simu ukimpigia?"

"Inaita, haipokelewi. Halafu unakuja ujumbe: niko kwenye kipindi, mama."

"Dawa anayo?"

"Ana kalamu mbili za insulini. Moja iko kwenye friji la hosteli, moja hutembea nayo kwenye mkoba. Ya mkoba, kwa hesabu yangu, imeisha jana."

"Bila dawa anakwenda siku ngapi?"

Mama alizungusha futi kwenye kidole mpaka kidole kikabadilika rangi. "Mbili. Mungu akipenda."

Inspekta akachukua mkoba wake. "Koplo! Washa gari."

*

Ofisi ya mhadhiri ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, chumba chembamba kilichokatwa kutoka chumba kikubwa kwa kuta za mbao laini zilizopakwa rangi ya maziwa. Mhadhiri alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya kufika nyuma ya ukumbi, ingawa sasa hakuwa na ukumbi. Wote walimwita Daktari. Alifundisha takwimu, na tangu mwaka uliopita alifundisha akiwa ameketi mbele ya kompyuta ndogo iliyopandishwa juu ya vitabu vitatu, wanafunzi wakimsikiliza kwenye simu zao popote walipo.

"Mimi ni Inspekta wa polisi," akasema kwa sauti ya kawaida, ambayo haikuwa ndogo. "Natafuta mwanafunzi wako mmoja. Mama yake anasema amepotea."

"Polisi?" Daktari alisimama nusu. "Nani huyo?"

Inspekta akataja namba ya usajili. Ilikuwa ndefu, na iliishia na arobaini na moja.

"Aa, Arobaini na Moja! Huyo hajapotea. Huyo yupo kuliko wote." Akagonga ukuta wa kulia. "Msaidizi!"

Mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akatoka kijana wa miaka thelathini na kitu, amechomekea vizuri, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Alimwamkia Inspekta kwa adabu. Aliposikia shida yenyewe hakuuliza swali hata moja. Alirudi kwenye kijichumba chake, na kabla Inspekta hajakaa vizuri karatasi ilikuwa mkononi mwake, bado ina joto la mashine. Jumatatu: yupo. Jumanne: yupo. Jumatano: yupo. Alhamisi: yupo.

"Mabinti wa chuo hawa, mama," Msaidizi alisema kwa upole. "Akizima simu wiki moja, mzazi anakimbilia polisi. Baadaye anakuja kuonekana kwa rafiki."

"Hakuzima simu."

"Naam?"

"Nimesema hakuzima simu. Wewe ndiye umesema."

Msaidizi alitabasamu kama aliyekosolewa herufi. "Ni mfano tu, mama." Akarudi kwake na kufunga mlango.

Saa nne kamili Daktari akafungua kipindi. "Kaa hapa uone mwenyewe," akamwambia Inspekta, akivuta kiti. Vijisanduku vikaanza kujitokeza kwenye kioo, vyeusi vyote, kila kimoja na namba yake. "Tisini na sita, na sijawahi kuona uso wa mtu. Wanafunga kamera kuokoa bando. Nafundisha makaburi, Inspekta."

Arobaini na Moja akaingia. Sanduku jeusi kama mengine.

Daktari hakuwa amemaliza salamu pale mluzi mkali ulipopasua hewa, mluzi wa kuuma meno. Inspekta aliruka kitini. Daktari wala hakushtuka. Alipeleka kidole, akabonyeza mara moja, mluzi ukakatika.

"Huyo huyo," akasema. "Tangu jana ananipigia makelele. Anaingia, anatoka, anaingia, anatoka, kama mtu anayetafuta choo. Nimeshazoea kumzima maiki."

"Mwulize swali."

"Arobaini na Moja! Wastani na namba ya katikati vinatofautiana vipi?" Huku akiuliza alishika kalamu yake ya kuandikia kwenye kioo, akachora mstari. Mikono yake yote miwili ilikuwa mezani.

Kijisanduku kilitoweka. Baada ya kama sekunde kumi kikarudi, na chini yake yakatokea maandishi: Samahani Dkt., mtandao unasumbua. Nipo.

"Umeona?" Daktari akasema. "Yupo."

Kwa karatasi ile na kwa maandishi yale, binti alikuwa salama kuliko Inspekta mwenyewe. Lakini Inspekta alikumbuka sita nukta moja mara nne, akainuka.

*

Chumba cha hosteli kilikuwa na vitanda viwili vya ngazi. Kwenye ukingo wa dirisha zilipangwa simu sita, zote zimesimamishwa kwa vikombe, zote zikitoa sauti ya Daktari kwa mbali. Msichana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya simu hizo, akibonyeza hii, akibonyeza ile, kama mtu anayelisha vifaranga.

"Unafanya nini?" Inspekta akauliza kutoka mlangoni.

Msichana nusura aangushe zote. Wenzake humwita Redio kwa maneno mengi. Alipoona kitambulisho cha polisi, maneno yote yakamwisha.

Haikuhitaji kubanwa sana. Mtandao mzuri ulikuwa dirishani kwao tu, kwa hiyo wasichana wa ghorofa ile walijiwekea utaratibu. Kila siku mmoja anabaki na simu za wenzake na kuwashikia darasa: Daktari akisema "kila mtu abonyeze nipo", anabonyeza zote. Wengine wanafua, wanalala, wanakwenda kufanya vibarua. Wote wapo.

"Na Arobaini na Moja?"

"Profesa?" Redio akauliza. "Tunamwita Profesa, mama, kwa maswali yake. Amekwenda kwa shangazi yake. Ameniandikia."

"Nionyeshe."

Redio alinyoosha mkono kitandani, akachukua simu yake mwenyewe iliyolala juu ya mto, akampa. Inspekta aliipokea.

Simu ilikuwa ya moto.

Si ya moto kidogo. Ilikuwa ya moto kama chuma cha pasi kilichozimwa sasa hivi, na kioo chake kilikuwa cheusi. Haikuwa kwenye chaji. Hakuna aliyekuwa ameigusa tangu Inspekta aingie.

Akaigeuza. Jicho dogo la kamera likamtazama.

Inspekta alikuwa amewahi kusimama mbele ya watu wenye mapanga na hakutetemeka. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Kumbe una joto sana humu ndani, mwanangu," akaiweka ile simu juu ya mto, uso chini, polepole kama mtu anayeweka yai. Akatoa daftari, akaandika: Usiseme kitu. Njoo nje. Acha simu.

Kwenye ngazi, na milango miwili imefungwa nyuma yao, Redio akaanza kulia.

"Simu yako inakuwa hivyo lini?"

"Siku zote, mama. Za wote zinakuwa hivyo. Bando linaisha hata hujatumia. Profesa ndiye aliyeanza kuuliza. Alisema ile programu ya darasa inafungua kamera yenyewe. Alisema kuna mtu anatuangalia." Akajifunika uso kwa kanga aliyojitanda. "Tulimcheka. Tulimwambia nani ana kazi ya kutuangalia sisi tunavyolala."

"Programu hiyo mliiweka wenyewe?"

"Tuliwekewa. Siku ya kujiandikisha tulipanga mstari ofisini kwa Daktari. Unaacha simu ikiwa wazi, unaandika neno lako la siri kwenye karatasi, unaifuata kesho yake. Darasa zima."

"Neno la siri kwenye karatasi."

"Ndivyo tulivyoambiwa, mama."

Inspekta aliuma meno. Watu wazima tisini na sita, wasomi, walikabidhi funguo za nyumba zao wakiwa kwenye foleni na kusema asante.

"Profesa umemwona mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu saa saba. Aliniambia nishikie darasa la saa nane, naenda ofisini kwa Daktari nimwambie hii habari uso kwa uso. Sikumwona tena. Ujumbe wa shangazi ukaja jioni. Nikamshikia Jumatatu, nikamshikia Jumanne. Jumatano nikajaribu kuingia, nikaambiwa neno la siri si sahihi."

"Kwa hiyo Jumatano hukumshikia."

"Hapana, mama."

"Wala jana. Wala leo."

"Hapana. Nilidhani amerudi hewani, amenikasirikia." Akainua macho. "Kwani vipi?"

Inspekta akafungua ukurasa mpya. "Una kishikwambi? Profesa ana kishikwambi?"

"Cha wapi! Mwaka wa kwanza tulitia saini vya msaada, vishikwambi mia mbili, mpaka leo hatujaviona hata kava."

Lilikuwa swali la kujaza tu daftari. Askari huuliza vifaa vyote. Akaandika jibu na kwenda kwenye friji la korido. Nyuma ya chupa za maji, ndani ya kisanduku chenye namba ya chumba, kalamu ya insulini ilikuwa imelala haijaguswa. Akaifunga kwa leso na kuitia mkobani.

Kisha akamrudisha Redio chumbani, amemshika bega, na mbele ya ile simu iliyolala kifudifudi akasema kwa sauti kubwa ya mama aliyechoshwa, "Basi, kama yuko kwa shangazi yake, mimi naandika hivyo. Mmenipotezea asubuhi nzima. Watoto wa siku hizi hamna huruma na wazazi."

Redio alikuwa mwepesi. "Samahani, mama," akajibu, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

*

Ndani ya gari Inspekta alifungua daftari juu ya magoti. Koplo alikuwa mtu mzima aliyebakiza miezi sita kustaafu, akaendesha bila kuuliza.

Nani yuko darasani? Hilo ndilo swali. Aliyechukua ile namba Jumatano anataka binti aonekane yupo, kwa sababu aliyepo hatafutwi. Ofisi ya Daktari ilikusanya simu na maneno ya siri. Binti alikwenda ofisi ya Daktari na hakutoka. Njia zote zilimfikisha kwa Daktari. Lakini ule ujumbe wa mtandao uliandikwa Daktari akiwa ameshika kalamu mbele ya macho yake.

Basi yule mwingine. Yule wa kalamu tatu.

Na ule mluzi?

Mluzi ule alikuwa ameusikia kabla. Nyumbani kwake, mwaka shule zilipofungwa, watoto wake wawili walisoma kwa simu kwenye sebule moja, na kila walipofungua maiki kwa pamoja nyumba ilipiga mluzi wa kutoboa masikio. Aliwatenganisha, mmoja sebuleni, mmoja jikoni. Ukakoma. Mluzi hauji kwa mtandao mbaya. Unakuja pale vifaa viwili vya darasa moja vinaposikiana kwa ukaribu.

"Koplo," akasema. "Rudi chuoni. Usipige honi, usiwashe king'ora."

"Tumesahau kitu, Afande?"

"Tumesahau mtu."

*

Saa saba na nusu. Jengo lilianza kuachwa, maana Ijumaa watu huondoka mapema na Jumamosi hakuna anayekuja. Kesho ghorofa hii ingekuwa tupu mpaka Jumatatu. Inspekta alipanda ngazi mbili mbili.

Alimpa Koplo kazi moja: aende kwa Msaidizi, amwambie gari lake limegongwa pale getini, na amkalishe huko kwa maneno kadiri awezavyo.

"Na likiwa halijagongwa?"

"Koplo, mbona unakuwa mgumu? Ligonge."

Aliposikia viatu vya wale wawili vikishuka ngazi, Inspekta aliingia kwa Daktari na kufunga mlango.

"Nifungulie kumbukumbu za mahudhurio. Si karatasi. Za kwenye mashine yenyewe."

"Hayo anashughulika Msaidizi..."

"Leo shughulika wewe."

Daktari alihangaika kidogo, akabonyeza huku, akabonyeza kule, mpaka orodha ikafunguka. Arobaini na Moja, Alhamisi. Ilijaza kioo kizima. Ameingia. Ametolewa. Ameingia. Ametolewa. Tofauti ya sekunde nane, kumi, sita. Pembeni kulikuwa na safu ya kifaa: simu, kishikwambi, simu, kishikwambi, simu, kishikwambi.

"Namba moja inaruhusiwa vifaa viwili?"

"Hapana. Ukiingia na cha pili, cha kwanza kinatupwa nje."

"Kwa hiyo hawa ni watu wawili," Inspekta alisema polepole, "wanagombania namba moja. Mmoja anaingia, mwenzake anamtupa."

Daktari aliitazama orodha.

"Vile vishikwambi mia mbili vya msaada viko wapi?"

"Stoo ya mitihani. Vinafungua darasa tu, tena kwa namba ya usajili bila neno la siri, havipigi simu wala nini. Lakini huko hakuna anayeingia, Inspekta. Imetiwa lakiri tangu wiki mbili zilizopita, mitihani iko ndani. Lakiri nzima kabisa, naiona kila siku nikipita."

"Stoo yenyewe ni ipi?"

Daktari aliinua kalamu, akaelekeza nyuma ya bega lake, kwenye ukuta wa mbao laini.

Kiyoyozi kilinguruma kwenye dari. Inspekta alikwenda kuweka sikio ukutani, hakusikia chochote. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama mita mbili kutoka hapo na kusema mimi ni Inspekta wa polisi. Na dakika chache baadaye ukaja mluzi. Binti alikuwa amemsikia.

"Fungua darasa," akanong'ona.

"Sasa hivi? Kipindi ni saa nane..."

"Fungua."

Kioo kikawaka. Hakukuwa na mtu. Kisha sanduku moja jeusi. Arobaini na Moja. Kifaa: kishikwambi. Sekunde sita. Kumi. Kumi na tano. Hakuna aliyemtupa nje, maana mwenye simu alikuwa getini akibishana.

Mluzi ukalia. Kidole cha Daktari kikaruka chenyewe kwenda kuuzima, kwa mazoea. Inspekta alimdaka mkono katikati ya njia na kuubana mpaka mifupa ikasikika.

"Thubutu."

Waliuacha ulie. Chini ya sanduku maandishi yakaanza kutokea, herufi moja baada ya nyingine, yamejaa makosa ya mtu ambaye vidole havimtii: Yupo hpo?

Inspekta akaandika: Ameshuka. Mimi polisi. Upo peke yako?

Ndio. Usimwache arudi. Anamwona mwenzangu akilala. Amenionyesha. Amesma nikipiga kelele atmfuata.

Inspekta hakusoma zaidi. Korido ilikuwa na mtungi mwekundu wa kuzimia moto, akaung'oa ukutani. Kufuli la stoo lilikuwa limepitishiwa kamba, na juu ya kamba nta nyekundu yenye muhuri wa chuo.

"Inspekta!" Daktari alikuwa nyuma yake, mikono kichwani. "Hiyo mitihani ni ya kitivo kizima! Lazima Msajili awepo, lazima tuandike..."

"Utatunga mingine."

Pigo la kwanza likavunja lakiri. La pili likapinda komeo. La tatu likaangusha kufuli sakafuni. Simu ya Inspekta ikaita mfukoni, akaipokea kwa bega.

"Afande," Koplo alikuwa akihema, "amenishtukia. Anapanda. Miguu yangu hii, Afande..."

Ndani kulikuwa giza na harufu ya karatasi. Maboksi yalifika darini pande zote, na katikati ya maboksi ya vishikwambi yaliyopasuliwa, kwenye sakafu, juu ya fulana iliyokunjwa kama mto, binti alikuwa amekaa na magoti yake kifuani. Midomo ilimkauka na kupasuka. Alipumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kishikwambi kilimwangazia uso.

"Ana mlango mwingine," akasema. Sauti ilikuwa kama mchakacho. "Nyuma ya kabati lake."

Inspekta aliusikia kabla hajauona. Chuma kilikwaruza sakafu upande wa pili wa mbao. Kabati la faili lilikuwa linasogezwa, haraka, na mtu ambaye hakuwa na haja ya kunyamaza tena. Akamvuka binti, akasimama mbele ya mlango ule mdogo. Bastola hakuwa nayo. Alikuwa na mtungi.

Mlango ukafunguka. Msaidizi aliingia ameinama, simu ya binti mkono mmoja, mkanda wa begi umezungushwa kwenye mkono mwingine. Alipoinua uso aliona sketi ya Inspekta. Alikuwa bado anapanda na macho kutafuta uso wake pale Inspekta alipomwachia mtungi magotini.

Alianguka kwenye maboksi, na safu nzima ya mitihani ikamporomokea. "Sijamgusa!" alipiga kelele kutoka chini ya karatasi. "Mwulizeni! Hata kidole sijamgusa! Nilikuwa nafikiria tu la kufanya!"

"Utayasema yote," Inspekta alisema, akimkalia mgongoni na kumfunga pingu. "Usiwe na haraka. Siku nne ulikuwa huna."

Koplo aliingia amejishika mbavu. Inspekta alimwachia mtu wake na kumwambia aite gari la wagonjwa, akamrudia binti, akafungua leso. Alipoiona kalamu ya insulini binti aliinyakua kwa mikono miwili. Inspekta alitaka kumsaidia, akakatazwa kwa kichwa. Binti alizungusha kipimo cha kalamu mwenyewe, akihesabu kwa midomo, akajidunga tumboni. Kisha akaegemea boksi na kufumba macho.

"Gari la wagonjwa linakuja," Inspekta alimwambia. "Na mama yako nampigia sasa hivi. Unasikia? Usilale. Zungumza nami."

"Nilikuwa nagawa dawa," binti alisema, macho yamefumbwa. "Nusu nusu. Jana ikaisha."

"Umefanya vizuri. Zungumza."

Binti alifumbua macho, lakini hakumtazama Inspekta. Alikuwa anatazama mlangoni. Daktari alikuwa amesimama pale, nusu ndani nusu nje, kipande cha nta nyekundu mkononi. Mwili wake wote mkubwa ulionekana kama umepunguzwa.

"Mwanangu," Daktari akaanza. "Kama ningejua... ule mluzi, mimi nilidhani..."

"Sikuanza na mluzi," binti akasema. "Nilianza kwa kunyoosha mkono. Kile kimkono cha njano kwenye kioo. Kila nilipoingia, kabla hajanitoa. Nilihesabu. Mara thelathini na mbili."

Chini kabisa, barabarani, king'ora kilianza kusikika. Daktari aliitazama nta mkononi kama hajui imefikaje hapo.

"Vile vimikono," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata mlangoni, "huwa siviangalii."